Mkate wa Msafiri na Sanda Yangu

Ghulail, Jeddah
Ijumaa, baada ya sala

Rukia,

Mwaka wa tatu huu hujakanyaga mlango wangu. Nimekuja likizo miezi miwili mizima, nimekaa Malindi pale barazani natazama njia, watu wa Kipini wanashuka kwenye basi mmoja mmoja, na wewe humo. Wa mwisho akaniletea salamu kwamba miguu inakuuma. Miguu! Miguu hiyohiyo iliyokwenda harusini Witu wiki ileile, na walioiona waliniambia ulicheza mpaka ukapoteza kiatu. Mwanamke wewe huna haya.

Basi, nimeshagomba. Sasa salamu. U hali gani, mdogo wangu? Presha imetulia? Yale majani ya mlonge bado unayachemsha, au umeyaachia njiani kama unavyoachia kila kitu? Mkaza mwanao Salama amejifungua? Mtoto ananyonya vizuri? Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila goti la kushoto halitaki tena ngazi.

Barua hii anaiandika Mama Nduku, Mkamba wa Mwingi, mpishi wa nyumba ya tatu kutoka yetu kule Nuzha. Siku ya Ijumaa tukipewa ruhusa tunakuja huku Ghulail kununua unga wa sima na kusikia Kiswahili. Mimi kalamu sijaishika tangu kuzaliwa, unajua. Nimemwambia, andika kama ninavyosema, usinitengeneze. Akaniuliza, "Hata matusi?" Nikamwambia hata matusi. Simu zangu unazikata, lakini karatasi haikatiki katikati ya neno. Na wewe Salama unayemsomea mama mkwe wako, soma yote, usiruke hata pale atakapokukunjia uso.

Maana sote wawili tunajua kwa nini hukuja. Si miguu. Ni sanda.

Ile sanda niliifua kwa maji ya Zamzam mwaka niliohiji, nikaianika kwa mikono yangu, nikaifukiza udi, nikakuletea wewe uniwekee kwa sababu nyumba yako haivuji na yangu inavuja. Nikakwambia, hii ndiyo nguo yangu ya mwisho, isiguswe. Kisha Mto Tana ukafurika, njia zikakatika, maduka yakafungwa, na mumeo Athmani akafariki humo katikati ya maji. Ukafungua sanduku ukamzika kwa sanda yangu. Ukanipigia simu wewe mwenyewe kuniambia, hukunificha. Na mimi, badala ya kukupa mkono wa pole, nikakuuliza, "Hakukuwa na shuka?" Halafu nikasema umeniibia kaburi langu. Nawe uko edani, hujamaliza hata juma. Ukanyamaza, na umenyamaza mpaka leo.

Sasa kaa kitako nikwambie nilikokwenda.

Unamjua ajuza wangu, mama yake Madam, ninayemwogesha na kumsuka nywele miaka yote hii. Nilidhani ni Mwarabu kama Waarabu wengine. Kumbe wao ni wale wanaoitwa Wabukhari. Baba yake alizaliwa mbali huko kaskazini, ng'ambo ya Uajemi, akatoroka angali kijana wakati serikali ya huko ilipofunga misikiti, akatembea nchi hadi nchi mpaka Makka, akaoa, hakurudi tena. Mwaka huu ajuza akagoma kula. Akamwambia Madam, "Sili mpaka nione kwa baba." Madam alidhani ni mchezo wa wazee. Siku ya pili hakugusa hata tende, Madam akakata tiketi.

Tukapitia Riyadh kwa mwana wa kiume wa ajuza, tukaenda soko la Dira kutafuta makoti ya manyoya ya kondoo, maana waliambiwa milima ya huko ina baridi hata kiangazi. Jua linakaanga watu, sisi tunajaribu makoti. Mwenye duka akaniuliza, "Hajja, unaumwa?" Nikamwambia, yalla, punguza bei, mengine hayakuhusu.

Tulikuwa wanne: ajuza, Madam, mumewe ambaye ndiye kafili wangu, aliyenidhamini kazi, na mimi. Tukashuka mji unaitwa Tashkent, wakakodi gari lenye dereva, mtu mnene anayecheka peke yake, na siku kumi na mbili tukawa watu wa barabarani. Samarkand nimeiona, Rukia. Misikiti ya vigae vya samawati, mirefu hata shingo inauma. Madam alipiga picha mpaka simu ikazima. Mimi niliwatazama zaidi wanawake wanaofagia, wazee kama sisi, meno ya dhahabu mdomo mzima. Mmoja akanishika shavu na kulisugua kwa kidole aone kama rangi inatoka. Nami nikalisugua lake. Tukacheka mpaka akaangusha fagio. Pilau wanapika, lakini karoti ni kikapu kizima, mdalasini hakuna, karafuu hakuna, na mafuta ni ya mkia wa kondoo. Nilikula, nisikudanganye. Nilikula mara mbili.

Bukhara nayo tukafika, nikajua tumefika kwao. La. Jeddah wanawaita wote Wabukhari hata asiyepajua Bukhara, kama watu wa bara wanavyomwita kila mtu wa pwani Mswahili. Kwao hasa ni bonde linaitwa Fergana, upande wa pili wa milima. Tukarudi njia tuliyojia, tukapanda. Gari linazunguka, chini bonde, juu mawe, ajuza kanishika kidole hiki cha kati anakikamua kama limau.

Mume wa Madam alikuwa ameshaulizia kwa imamu wa kijiji. Tukapelekwa nyumba ya udongo yenye ua, mizabibu imetandwa juu kama paa, chini yake kitanda kikubwa cha kukaa watu kumi. Humo alikuwa hai binamu yake ajuza, mtoto wa ami yake, amemzidi miaka michache. Wanawe wakatupokea kwa machozi. Mkate ukaja, aprikoti zikaja, chai ikaja, kikombe nusu. Nikasema moyoni, hawa mabahili hawa! Baadaye ndiyo nikaambiwa, wakikujazia kikombe wanakufukuza.

Lakini mwenyewe binamu hatoki. Tunakunywa, tunakula, hatoki. Ajuza akauliza. Binti wa huyo binamu akainamisha kichwa akajibu, "Mama anaumwa na miguu."

Rukia, ajuza aliponitafsiria hayo kutoka lugha ya baba yake nilikaribia kutema chai. Nikamwambia kwa Kiarabu changu hikihiki cha jikoni, "Huyo hana ugonjwa. Huyo anakuogopa. Namjua, ninaye wa namna hiyo nyumbani."

Ajuza akanitazama. Akaniambia, "Niinue."

Nikamshika kwapa tukaenda jikoni. Tukamkuta amekaa kigoda karibu na tanuri, mzee mdogo kama mtoto, miguu mizima kabisa. Hakusimama kusalimia. Alinyoosha mkono akaonyesha ukuta, akasema maneno machache. Nikamvuta ajuza nguo, anasema nini? Akanijibu, "Anasema, msumari upo, mkate haupo."

Desturi yao ndiyo hii. Mtu akisafiri, asubuhi ya kuondoka anapewa mkate mzima wa mviringo, anaung'ata mara moja tu, unatundikwa ukutani. Haukatwi, hauliwi. Unamngoja mwenyewe arudi aumalize. Baba yake ajuza aliung'ata wake, akaenda zake, na mama yake akautundika. Ukakaa miaka. Kisha ikaja vita kubwa, na vita ikaleta njaa, wanaume wakachukuliwa, shayiri ikaisha.

Ajuza akauliza, na yote haya alinitafsiria baadaye, "Nani aliuteremsha?"

"Mama yangu. Bibi aliona, akageuza uso."

"Mkate ulikuwaje?"

"Mgumu kama tofali. Una wadudu. Akauloweka kwenye maji ya moto, akatugawia kwa kijiko, watoto watano. Wawili hawakufika masika. Sisi watatu tulifika." Akawa sasa analia. "Mama alipokuwa akifa aliniambia, akija mtu wa ami yako, mwambie. Usimfiche. Nimekaa na neno hili mpaka nimezeeka, na leo mmekuja nikashindwa kutoka."

Mimi huyu ajuza nimekaa naye miaka mingi. Ana ulimi kama wangu. Nikajua sasa atamchana. Akajishusha polepole mpaka akakaa chini kwenye vumbi la mkaa, yeye asiyekaa hata kochi lisilo mto, akamshika mwenzake mikono yote miwili. Akamwuliza:

"Ulikuwa mtamu?"

Yule mama akashtuka. Akasema, "Sijala kitu kitamu kama kile tena."

Ajuza akacheka na machozi yanamtoka. Akasema, "Baba alikuwa kila akila mkate anaacha kipande. Tukimwuliza, anasema, kuna mahali nimewaacha watu na njaa. Maskini baba. Kumbe alikuwa ameshawalisha."

Nikatoka. Nikaenda kuosha vikombe ambavyo hata havikuwa vichafu.

Tulilala pale siku tatu, kisha tukavuka mpaka kwa Wakirgizi. Askari wa mpakani akaigeuza pasi yangu ya Kenya na ikama yangu, kibali cha kukaa Saudia, kama mtu anayegeuza chapati, huku, huku, tena huku. Mwisho akachoka akagonga muhuri. Huko sasa ni milima tupu na farasi. Theluji nimeishika, inauma kama moto. Wanakaa kwenye mahema ya mviringo ya manyoya ya kondoo, katikati jiko la bati, wanawasha mavi makavu ya ng'ombe. Wakatupa maziwa ya farasi yaliyochacha, yanauma ulimi kama tembo la mnazi la juzi, na usiniulize nimejuaje. Madam na mumewe wakaenda kupanda farasi. Mimi nikabaki nikimkanda ajuza miguu karibu na jiko, na koti langu la Dira nimelivaa mpaka masikioni.

Akaniambia, "Huyo wa kwako nyumbani anayeumwa miguu. Alikufanya nini?"

Nikamweleza yote, sanda, mafuriko, Athmani. Nilianza kwa hasira kama kawaida yangu. Kadiri ninavyosema, maneno yananiishia mdomoni.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Shemeji yako alizikwa uchi?"

Nikasema, "La. Alizikwa kwa heshima."

"Wewe umekufa?"

"La, sijafa. Niko hapa nakukanda."

"Basi unalilia nini?" Akavuta mguu wake, akanigeuzia mgongo akalala.

Nilikaa pale jua likipanda juu ya nyasi, farasi wanakula, na nikamkumbuka mumeo. Nikamkumbuka asubuhi ya kwanza nakwenda Uarabuni, mvua imenyesha, matope mpaka magotini, Athmani kanibebea sanduku kichwani mpaka barabarani, na viatu vyangu kavishika mkononi nisije nikavichafua. Nikataka kumpa cha soda. Akasema, "Shemeji, mimi si kuli, mimi ni ndugu yako." Mwanamume huyo ndiye nilitaka azikwe kwa shuka la kulalia.

Rukia, mimi ndiye mkosa. Nimeandikisha hili mbele ya Mama Nduku, Mkristo wa watu, na yeye ni shahidi, na sasa hivi anapangusa macho na kuniharibia karatasi. Ulikuwa peke yako na maji mlangoni na maiti ndani, ukaangalia huku na huku, ukaona kitu kimoja safi katika nyumba nzima, ukampa mumeo. Hata mimi ningefanya hivyo. Na kama nisingefanya, basi wewe ni bora kuliko mimi, na hilo nalo si geni. Nisamehe. Si kwa ajili ya ukubwa wangu wala kwa sababu niko mbali. Nisamehe kwa kuwa nilisema neno baya siku ambayo hukuwa na mtu.

Sanda nyingine sijanunua wala sinunui. Nikifa kabla yako, utanivika utakayoipata.

Nisalimie Salama, na mtoto mpya mpulizie sikioni jina langu ajue ana bibi mwingine mwenye kelele. Nisalimie jirani yako yule Mpokomo aliyekuja na mtumbwi kuchimba kaburi upande mkavu. Nimesikia habari zake, na mkono wake nitaubusu. Shangazi yetu Mwanaisha, kama bado anasikia, mwambieni niko hai. Kama hasikii, mwambieni kwa nguvu. Imamu msalimie, na mwanao Juma mwambie aache miraa. Ajuza wangu anakusalimu. Tangu turudi anakula mpaka Madam anaogopa.

Likizo nimepewa mwezi wa Shaaban. Usingoje nikuite, wala usilete habari za miguu. Siku nitakayofika Malindi nataka nikukute umeshatangulia. Ufunguo wa nyumba anao mwanangu Bakari. Ufungue madirisha, uteke maji, utandike kitanda kimoja tu. Na nikiingia mlangoni funga mdomo wako, usinipe shikamoo. Safari hii mkubwa ni wewe, nitakuamkia mimi.

Dadako,
Mwanahawa