Shemeji wa Mtwara

Jumatano, baada ya magharibi

Ningejua kipete cha shaba kitanifunga hivi, nisingekinunua.

Miaka miwili sasa, kila asubuhi Hamisi, mtunza stoo wetu kiwandani, ananiuliza, "Ndugu Zainabu, shemeji hajambo?" Nami namjibu, "Hajambo, yuko Mtwara."

Hakuna mume Mtwara wala popote. Nilimtunga kwa sababu mwenye nyumba hapa mtaa wa Gerezani hapangishi mwanamke asiye na mume, na msimamizi kazini alikuwa hanipi nafasi ya kupumua. Nilipovaa pete, chumba nikapata, na msimamizi akashika adabu.

Leo Hamisi kaja na sahani ya halua. "Jumamosi naoa, Ndugu. Mwandikie shemeji aombe ruhusa, mje wote."

Nikampa hongera. Akainamisha kichwa. "Basi nikwambie? Shemeji nimemwonea wivu tangu siku ile ya kwanza."

Nikacheka. Mjinga mimi, nikacheka!

Nimewaza nimuue tu huyo mume. Lakini itabidi nimkalie eda mtu ambaye hakuwahi kuwapo, na aliyekuwapo anaoa Jumamosi.