Bakuli la Kuonja

Kwako mdogo wangu Msumari,

Salamu nyingi, na pole na mashine ya kusafisha damu. Natumaini barua hii inakukuta una nafuu, miguu haijavimba, na mkeo ameacha kukufichia chumvi kwa kuwa umeacha kuitafuta. Watoto hawajambo? Mama hajambo, anakohoa kidogo tu, na ulimi wake uko palepale. Mimi dada yako ni mzima wa afya, mzima kuliko ulivyonizoea, na hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Ningekupigia simu, lakini kila nikigusia habari ya figo unasema mtandao unasumbua. Barua haina mtandao, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Unaikumbuka siku tuliyokwenda kwa daktari wa figo. Vipimo vya damu yako na yangu vilikubaliana, Mama akaanza kushangilia kwenye korido, kisha daktari akaniita ndani peke yangu. Alinieleza kwa upole kwamba hawezi kunipasua, kwa sababu uzito wangu na presha yangu vingeweza kuniua pale mezani. Nilipokwambia, ulinishika bega ukasema basi, yameisha, mashine inakutosha. Nilitabasamu. Lakini ndugu mwingine wa kukupa figo huna, na mashine naiona inavyokukausha, fundi seremala mzima unasukuma randa mara mbili kisha unatafuta pa kukaa. Nilirudi nyumbani nimejaa hasira, na aliyenikasirisha ni mimi mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa mlaji. Nyumbani Mama hunipakulia, mimi nasukuma sahani, nasema nimeshiba harufu ya jikoni. Watu walinionea huruma, mpishi mkuu wa chuo kizima, mwenyewe hali! Nikajipa moyo kwamba huu ni unene wa ukoo, ingawa wewe wa ukoo huohuo ukigeuka ubavu hatukuoni.

Pale hospitali kuna mtaalamu wa lishe, binti mdogo mwenye miwani. Aliponiuliza nakula nini kwa siku, nilimwambia chai asubuhi na wali kidogo jioni. Hakubisha. Aliniuliza kazi yangu, na nilipomjibu akacheka, akanipa agizo la ajabu, kwamba kila ninapoonja kitu jikoni niweke kiasi kilekile kwenye bakuli, kisha nilitazame nikimaliza kazi. Nikamwambia kuonja si kula. Akasema kama ni hivyo sina cha kuogopa.

Mdogo wangu, wapishi wote tunaamini hivyo. Kinachoingia mdomoni umesimama, kwenye ncha ya mwiko, hakina hesabu. Basi nikaweka bakuli kando ya sinki. Maharage nikaonja chumvi, nikaweka. Mchuzi nikaonja, nikaweka. Ukoko wa wali nikaubandua, maana ukoko ni haki ya mpishi, nikaweka. Nyama nikajaribu kama imeiva, na wewe unajua nyama haiivi yote kwa pamoja. Kabla wanafunzi hawajapanga foleni dirishani, bakuli lilikuwa limefurika, nikachukua la pili. Msaidizi wangu, mama mmoja tunayemwita Redio, akauliza ni mgonjwa gani huyo anayepelekewa chakula chote kile. Nilitamani kujificha stoo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe ni mimi.

Binti wa miwani hakunicheka. Alisema niendelee na bakuli, ila sasa nitazame linajaa haraka wakati gani. Hapo ndipo nilipoona. Lilijaa siku zako za mashine. Asubuhi hizo mkeo hunipigia kusema umeshaingizwa, na nikiiweka simu mfukoni narudi kwenye sufuria niliyokwisha kuionja. Naonja. Naonja tena. Sikuwa natafuta chumvi. Nilikuwa naogopa utakufa, na mdomo ukiwa na kitu, hofu inatulia kidogo. Sikulaumu, usije ukajibebesha kesi isiyo yako. Nililia siku hiyo, halafu nikafurahi, maana sasa nilijua ninapambana na nini.

Kazi ya kuonja nikampa Redio. Mimi nabaki na kijiko kimoja cha mwisho, kabla chakula hakijatoka. Changu nakipakua kwenye sahani, nakaa kwenye kiti, nakula kama watu. Mama aliponiona nakula nyumbani aliuliza kama nimefukuzwa kazi. Siku za mashine, mkeo akishapiga, natoka uani nazunguka matangi ya maji mpaka moyo utulie. Mlinzi aliniona nazunguka, akadhani nimeangusha kitu, akanisaidia kutafuta.

Haikuwa rahisi. Kuna wakati mizani iligoma kabisa, na kuna siku nilimaliza ukoko wote peke yangu, nimesimama, bila bakuli. Redio aliniona akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Kesho yake nikaanza upya. Leo kamba za aproni, zilizokuwa hazikutani mgongoni, nazizungusha nikazifungia mbele. Najivuna, mdogo wangu, na sioni haya kusema. Chuo kizima kimekula mkono wangu na kusifu, lakini sijawahi kujisifu kama ninavyojisifu sasa.

Sasa nikwambie nililokuficha. Wiki iliyopita sikwenda harusini kama Mama alivyokwambia. Mama yetu ni mwongo hodari, tumshukuru. Nilirudi kwa daktari yuleyule. Alinipima presha, akaipima tena, akatazama mizani, akauliza kwa utani kama nimemtuma mdogo wangu wa kike, nisiye naye. Kisha akanipa mkono akasema nimekubaliwa. Chumba cha upasuaji tumeshawekewa mwezi ujao, mimi kitanda hiki, wewe kile. Kilichobaki ni sahihi yako.

Najua utasema hutaki dada yako apasuliwe. Ulishasema, nikasikia. Lakini mwili huu nimeuhangaikia mwenyewe, na nilijua naupeleka wapi. Usinidhulumu jasho langu. Nakuomba, na kama kuomba hakutoshi, basi nakuamuru kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nataka nikuone unapiga randa mpaka uzeeke ukanichosha.

Msomee mkeo barua hii, hajui lolote. Wabusu watoto kila mmoja. Mama anakusalimu sana, na anasema usiposaini atakuja na kalamu yake.

Ni mimi dada yako akupendaye, mwenye figo mbili mpaka mwezi ujao.