Chupa Niliyomkabidhi Sebastiani

Jumapili, 3 Juni

Misa, kisha Katonga kwa Konsolata, kama kawaida. Mgebuka wa kuchoma, ugali wa muhogo, maharage ya mawese. Nilibeba divai nyeupe, ile tamu. Nimejuta. Utamu wake ulimmeza samaki. Konsolata alipiga funda moja nyuma ya kibanda chake cha chakula, akakunja uso. "Mwalimu, hii ni soda iliyokasirika." Kweli.

Nilipokuwa nafundisha seminarini, Burundi, mapadre walikunywa nyeupe na samaki kila Ijumaa, bila sherehe yoyote. Natafuta ya namna hiyo. Isiyo tamu, nyepesi, ya mavuno ya karibuni. Ikubaliane na mgebuka leo na maharage kesho. Divai ya siku isiyo na jina. Sisi wakimbizi kila kizuri tunakiwekea siku ya kurudi: kitenge, viatu, hata kicheko. Nimezeeka nikiweka.

Konsolata amejiandikisha kurudi. Kaka yake, Sebastiani, amemshawishi. Meli ni mwezi ujao. Mimi sirudi. Kwetu hakubaki mtu wa kunifungulia mlango. Nilipoambiwa habari ya meli nilisifu chumvi ya samaki. Mjinga.

Jumatano, 6 Juni

Treni imeleta chupa kutoka Dodoma. Nilikwenda duka la karibu na stesheni. Mwenye duka alinisukumia ya bei kubwa, yenye kizibo cha kupambwa. Hiyo ni ya harusi, nikamwambia, ukiifungua lazima mtu atoe hotuba. Nikachukua ya kawaida, rangi ya majani makavu. Nimeionja. Kuna uchachu mdogo, kama limau lililokamuliwa mbali. Haileweshi upesi. Nikarudi kununua ya pili.

Shida ni kuipoza. Bi Tatu, mwenye nyumba wangu hapa Ujiji, aliniona nikiukodolea macho mtungi wake. "Mwalimu, kwenye mtungi wangu chupa hiyo haiingii hata ikitubu." Shikamoo zangu zote hazikusaidia. Nitaifukia kwenye mchanga wa ziwani, pale penye maji.

Konsolata ameagiza nije Jumapili nyumbani kwake, si kibandani. Sebastiani anakuja kutoka Mwandiga.

Jumapili, 10 Juni

Siku mbaya. Chupa ilikuwa baridi vizuri, nimeizungushia kitambaa chenye maji. Sebastiani alikuwa mlangoni. Ni mkubwa kwangu, kwa hiyo nilimkabidhi yeye, kwa mikono miwili. Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Tumeiona." Akaipeleka ndani, nami nikauliza kama kuna barafu. Haikufunguliwa.

Tulikula samaki, kuhe mzuri, kwa maji matupu. Konsolata hakuinua macho hata mara moja. Nilidhani kaka yake hanywi. Kisha akaagiza bia.

Nimekasirika. Divai ile haitakuwa baridi tena.

Jumatatu, 11 Juni

Nilikuwa nanyoa ndevu. Wembe ukasimama shavuni.

Gufata irembo. Kushika lango. Kwetu mwanamume hapeleki kinywaji mlangoni kwa mwanamke, akakikabidhi kwa mkubwa wa nyumba, hivi hivi tu. Ni hatua ya kwanza ya posa. Kinywaji hakifunguliwi mpaka ukoo utoe jibu. Nilishuhudia mara ngapi utotoni! Lakini ulikuwa mtungi wa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, na wazee wenye fimbo. Haikuwa chupa ya kijani iliyofungwa kitambaa. Kibandani nimebeba chupa wiki ngapi na hazikuwa na maana yoyote. Kumbe maana iko mlangoni.

Nimeposa bila kujua. Umri huu. Bi Tatu ameuliza kwa nini nina upande mmoja wa ndevu.

Alhamisi, 14 Juni

Katonga, kueleza. Konsolata alikuwa anachagua mchanga kwenye dagaa. Nikaanza, "Ile chupa..."

"Kaka anasema siwezi kupanda meli na chupa ya mtu haijajibiwa," akasema, bila kuacha dagaa. "Jumamosi anakwenda kuthibitisha majina yetu ya safari. Kama unaitaka chupa yako, ichukue kabla."

Nilikuwa na maelezo marefu, nimeyapanga njiani. Nikauliza, "Iko wapi?"

"Chini ya kitanda."

"Vizuri. Isipigwe na jua."

Nikaondoka. Sasa najichukia. Akibaki kwa sababu nimesahau mila, nitakuwa nimemwibia meli. Sitaki abaki kwa kosa. Nataka abaki. Vitu viwili tofauti, na nimevijua leo.

Jumamosi, 16 Juni

Asubuhi Mwandiga. Sebastiani alikuwa amekwisha vaa koti, Konsolata ameketi kwenye benchi na mkoba. Nikasema nimesimama. Chupa ilikuwa ya kula na samaki. Nilikosea. Maisha yangu yote nimesahihisha makosa ya watu, na hili langu sitaki kulisahihisha. Kama Konsolata atapenda kurudi, apande meli, nitambebea mzigo mpaka bandarini. Kama atapenda kubaki, naposa. Safari hii najua.

Sebastiani alikasirika kwanza. Wazee wetu wangesema nini, posa ya bahati mbaya, tena ya zabibu! Konsolata akaanza kucheka mpaka akashika ubavu.

"Kaka, nilijua siku ile ile. Kamkabidhi mtu posa halafu anauliza kama kuna barafu! Ningeinua macho, ningecheka mbele ya samaki."

Sebastiani akamuuliza swali moja kwa Kirundi, taratibu. Konsolata akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisiwe na pa kukosea: "Litoe jina langu."

Nililia kidogo. Mzee mwenzangu alinipa leso yake.

Jumapili, 17 Juni

Misa. Chupa imefunguliwa, kwa vikombe vya bati. Mgebuka, halafu dagaa wa mawese. Imekubaliana na vyote viwili. Sebastiani aliomba mrija wa soda, akanywa divai kama urwarwa, na akakiri inapita. Atasafiri peke yake. Alitazama ziwa, na dada yake akamwongezea samaki.

Jioni Konsolata aliiosha chupa, akaianika kichwa chini, kisha akaijaza mawese. Iko jikoni, karibu na chumvi.