Mama na Kigari cha Mtoto

Jumapili, Norsborg.

Hata sasa sijui nilipaswa kusimama upande wa nani.

Mama ametoka Bujumbura juzijuzi tu, na leo shangazi alikuja kutoka Jordbro na watoto wake ili tule pamoja. Baada ya chakula, mke wangu Elin alifanya kama kila siku: akamvika mtoto wetu nguo za sufu, akamlaza kwenye kigari, akakisukuma hadi balkoni, akafunga mlango. Waswidi hulaza watoto wachanga nje hata theluji ikianguka. Mimi nimeshazoea.

Mama aliinuka. "Mwanangu, mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, Mama. Hapa ndivyo wanavyolala."

Akaenda, akamwingiza ndani. Elin akampokea kwa upole, akamrudisha nje. Watoto wa shangazi wakaacha kucheza.

"Wewe ndiye baba," shangazi akaniambia. "Sema neno!"

Elin akaniuliza kwa Kiswidi, "Kwani hukumweleza?"

Binti yetu mkubwa akaomba juisi, nikakimbilia jikoni kama mtu aliyeokolewa.

Niliporudi, Mama alikuwa amevaa koti langu, ameketi balkoni kando ya kigari. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Nilimsihi Mama aingie.

"Nitaingia naye akiamka."

Elin akampelekea Mama blanketi na chai. Mimi nilibaki nyuma ya kioo.

Sasa Mama anakohoa chumbani. Kesho mchana mtoto atalala tena, na mimi bado sina neno.