Matete ya Kiwandani Yamefika Zizini

Da Sabina, shikamoo, naomba unisaidie ila jina langu ulifiche, mimi ni mama wa Ngaramtoni, nafanya kazi kiwanda cha rangi za nyumba, na zamani maji ya kuoshea mapipa tulikuwa tunayamwaga korongoni, leo mekundu kesho ya bluu, hadi watu wanaokaa chini ya korongo wakatujia juu, ndipo kiwanda kikachimba mabwawa matatu na kupanda matete, nikapewa mimi kuyatunza. Da Sabina, yaliniacha mdomo wazi! Maji yanaingia bwawa la kwanza mazito kama uji, yanapita mizizini polepole, yakitoka bwawa la tatu unahesabu kokoto, hata vyura wamerudi, na kila asubuhi nasimama pale nikijiuliza Mungu ameweka akili gani kwenye haya majani. Sasa kiangazi hiki mama mkwe akaniambia, "Wewe mtoto, ng'ombe wangu wanakonda na wewe unalinda majani kama madhabahu?" na kwetu mkwe akiomba majani ya ng'ombe humnyimi, nami kwa kujivuna nikamfungulia geti mwenyewe, akakata mizigo ya wiki mbili, maziwa yakaongezeka, akanibariki mbele ya watu. Jumatatu mtaalamu wa maji akaniambia matete hayaui ile sumu ya rangi, yanaifyonza na kukaa nayo, ndiyo maana yakikatwa hufungiwa stoo. Wifi yangu amejifungua juzi na maziwa anayokunywa ni hayo hayo, nikisema nitafukuzwa kazi na mama mkwe hatanitazama tena, nifanyeje?

Mtunza Matete

Marahaba, mama. Hata mimi nimeduwaa hapa studio: jani tu, halina mikono, linaosha maji yaliyotushinda sisi! Lakini miezi yote hiyo ukihesabu kokoto, hukujiuliza uchafu umeenda wapi? Na tangu Jumatatu umepata muda wa kuniandikia mimi, huku mzazi akipelekewa kikombe. Hapo umeniudhi.

Kazi utapata nyingine. Maziwa yote yamwagwe, majani yaliyobaki yarudi kiwandani, daktari wa mifugo awapime ng'ombe. Wifi yako na mtoto waende hospitali leo, na asiache kunyonyesha mpaka daktari aseme.

Kesho ingia kwa meneja kabla hajakuita. Kiri kosa lako, kisha mwambie na lake: hakuweka hata ubao wa onyo, na hakukufundisha. Muulize kwa nini anaendelea kutia madini ya sumu kwenye rangi wakati inatengenezeka bila hayo, na kwa nini maji yaliyoosha pipa moja yasioshe na la pili. Matete yamefanya makubwa, msiyatwishe kila kitu.

Sasa ni saa tisa na nusu, na huko Ngaramtoni watu hukamua saa kumi. Nenda kwa miguu yako, usitume mtu.

Na wewe mama mkwe, kama redio iko hapo zizini na umejitambua, weka ndoo chini. Mkweo yuko njiani, anakuja kulia. Mpokee.