Pikapu Niliyoichemsha

Kitui Mjini,
Jumanne, baada ya shule.

Kwa Kaka Mwendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na wote walio nyumbani Mbumbuni. Mama ameachwa na kile kikohozi? Mbaazi zimekauka, au bado mnangoja? Mimi ni mzima, Mjomba na Shangazi pia ni wazima, na masomo yanaendelea vizuri. Nasema hivyo mapema ili ukifika mbele usifikiri kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa, Kaka. Ni pikapu moja ya gitaa lako.

Tafadhali usiitupe barua. Isome mpaka mwisho, kwa sababu gitaa liko salama ndani ya gunia lililokuletea barua hii na linalia. Lakini nataka ujue lilivyofika hapo.

Najua Jumamosi hii ina maana gani kwako. Bwana Musembi, mkuu wa bendi yenu, alikwambia mbele ya wenzako wote kwamba gitaa lako linalia kama debe la mafuta ya taa. Hoteli ile ya mjini Wote inataka muziki wa roki wa zamani, ile sauti nene ya kwenye santuri, na usipoileta Jumamosi atamchukua mpigaji mwingine. Mama aliniandikia pia maneno ya Baba, kwamba ukikosa nafasi hii, Jumatatu atakupeleka kwa mnyapara wa mkonge kule Kibwezi. Ndiyo maana ulimpa yule mwanajeshi mstaafu wa Tawa mbuzi wako ili akupe pikapu mbili kutoka gitaa lake kuukuu lililovunjika shingo, ukamtumia Mjomba pamoja na gitaa lako. Nilipoambiwa ni yule mbuzi mweupe, niliumia.

Mjomba alizifunga hapa karakanani kwake Jumatano ya wiki iliyopita. Sauti ilikuwa nzuri mpaka alipoongeza nguvu ya amplifaya. Hapo zikapiga ukelele mwembamba, hata nyuzi hazijaguswa. Shangazi alitoka jikoni ameziba masikio.

"Mnachinja nini humo?" akauliza.

Mjomba alinieleza. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Zamani waya huo ulishikwa na nta, na nta ikikauka na kupukutika, waya hutikisika na kupiga kelele yake mwenyewe. "Zinahitaji kuogeshwa nta tena," alisema. Akazifungua, akaziweka mezani kando ya bonge la nta alilopewa na kaka yake Shangazi, yule mwenye mizinga huko Mutomo. Alhamisi akaitwa mazishini kabla hatujafanya lolote. Hakusema niguse wala nisiguse.

Ijumaa nilitazama zile pikapu. Jumamosi nikazitazama tena, na Mjomba hajarudi. Nikahesabu siku zilizobaki, nikaona ni chache. Nilimwuliza Shangazi kama ni vigumu kuyeyusha nta.

"Nta ni nta," akanijibu. "Mimi nimeichemsha tangu sijaolewa."

Kaka, unajua jinsi nta inavyotengenezwa kwetu. Masega huchemshwa kwa maji, yakakamuliwa kwenye gunia, na nta ikaganda juu. Hakuna anayeisafisha mara ya pili, kwa sababu ni ya kupaka ndani ya mzinga mpya, na nyuki huja upesi zaidi ikiwa bado inanukia asali. Kwa mzinga ni nta bora kabisa. Mimi sikufikiri kwamba pikapu si mzinga.

Niliweka sufuria moja kwa moja juu ya makaa. Nilipoitumbukiza pikapu, maji na asali vilivyokuwa chini ya nta vikaanza kuchemka. Ikafura, ikaruka mpaka ukutani, na harufu ya sukari inayoungua ikajaa nyumba. Niliitoa kwa mwiko. Upande wa chini ulikuwa mweusi. Nilipoipima kwa mita ya umeme ya Mjomba, mshale haukusogea hata kidogo. Waya ulikuwa umekatika. Namshukuru Mungu kwamba niliingiza moja tu.

Sikula siku ile. Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Mjomba aliporudi alasiri nilimpokea mlangoni nikamwambia kabla hajaketi.

"Nani alikwambia upike gitaa kama mahindi ya isyo?" akapaza sauti. "Ungetia na maharagwe basi!"

Shangazi alijaribu kunitetea. "Mtoto alitaka kusaidia."

"Na wewe uliyechemsha nta tangu hujaolewa, ulikuwa wapi?"

Shangazi akarudi jikoni. Mjomba alichukua ile pikapu, akaigeuza, akainusa. Kisha akanitazama, nami nikafikiri atanifukuza karakanani.

"Kesho ukitoka shule uje mbio," akasema. "Utaisuka upya kwa mikono yako. Mimi macho yangu hayauoni waya huo tena."

Basi jana nilikuja mbio, hata sare sikuvua. Mjomba alikuwa amekata transfoma ya redio iliyokufa ili tupate waya. Tuliibana pikapu kwenye kile kigurudumu cha cherehani ya mkono ya Shangazi kinachojazia uzi. Shangazi akazungusha mpini, Mjomba akahesabu mizunguko kwa kuchora mistari ukutani, nami nikauongoza waya kati ya vidole viwili. Ukiukaza unakatika. Ukiulegeza unajikunja. Ulikatika mara mbili, na mara ya pili tulikuwa tumepita nusu. Nililia, lakini bila sauti, kwa sababu nikitikisika waya unatikisika.

"Usilie juu ya waya, una chumvi," alisema Mjomba. Sikujua kama anatania.

Safari ya tatu ulikubali. Nta tuliichuja kwa kitambaa, tukaiyeyusha ndani ya kikombe cha bati kilichokaa kwenye maji ya moto, nikaziogesha zote mbili mpaka vipovu vikaisha. Mjomba akazifunga. Kila moja peke yake ililia vizuri, bila ule ukelele. Lakini tulipoziwasha pamoja, sauti ilikonda, ikawa kama mtu anayeongea akiwa ameshikwa pua.

Mjomba alizizima, akaziwasha tena, sauti ikawa ile ile. Nami nilikuwa nakuona wewe na panga katikati ya mkonge.

Ndipo nikakumbuka somo letu la sumaku. Mpini wa cherehani huenda upande mmoja tu, kwa hiyo pikapu yangu ilisukwa kinyume na ile ya zamani. Nilimwambia Mjomba zinavutana kama maksai wawili waliofungwa nira wakipeana migongo. Akanitazama, akachukua chuma cha kulehemu, akabadilisha nafasi za nyaya mbili tu za pikapu yangu.

Nilipiga zile noti tatu ulizonifundisha Krismasi, kwa sababu ndizo ninazozijua. Kaka, ilikuwa nene. Ilikuwa na joto, na pembeni ilikwaruza kidogo kama koo la mtu aliyeimba mkesha mzima. Shangazi aliacha kukuna nazi.

"Hiyo," akasema, "ni sauti ya mtu aliyekwisha kuoa."

Mjomba alitaka tuishie hapo. Alisema fundi hamwonyeshi mteja sufuria iliyoungua. Lakini mimi nakuandikia, kwa sababu wewe ndiye utakayesimama mbele ya watu. Pikapu iliyo karibu na shingo ni ya zamani kweli, haina neno. Ile ya nyuma ni yangu, na mizunguko yake imepungua kidogo kwani waya uliisha. Inalia kwa ukali zaidi kuliko ile uliyotuma, nami siwezi kuirudisha ilivyokuwa. Swichi ikiwa katikati zote mbili hulia pamoja, na hapo ndipo ile sauti ya santuri ilipo. Ijaribu Ijumaa, usingoje mbele ya Bwana Musembi. Akikukataa kwa sababu ya pikapu ya nyuma, mwambie Baba ni kosa langu. Nitamwandikia mwenyewe.

Nisalimie Mama, na umwambie soksi zilifika. Msalimie Baba kwa heshima. Bibi yetu, Susu, mwambie namwombea miguu yake, na mdogo wetu Kioko mwambie asiguse swichi hiyo hata akibembelezwa.

Ni mimi dada yako anayekutakia sauti njema,
Kavindu.

Nimelazimika kuongeza hapa chini. Mjomba amenikuta nikikunja barua, akaiomba, akaisoma yote amesimama. Nilingoja anigombeze. Amesema niandike kwamba nta ile aliiacha mezani yeye, bila neno lolote, akijua kuna mtoto mwenye haraka ndani ya nyumba. Kisha ameuliza basi la kwanza la kwenda Wote Jumamosi huondoka saa ngapi. Anakuja, Kaka. Atabeba chuma cha kulehemu na ule waya uliobaki, naye atasimama nyuma ya amplifaya yako mpaka wimbo wa mwisho.