Pindo la Gauni la Bluu

Shoga, mwenzio hajui upweke. Nyumba nzima yake, kitandani analala upande autakao. Haya, tangu asubuhi alikuwa anapiga soga na birika.

Sasa kimemkuta kioja, na usicheke.

Kachukua gauni lake la bluu, kafumua pindo kwa wembe, kaenda nalo kwa Mama Fundi. Yule yule aliyemfundisha cherehani alipokuwa msichana, mama yake ndiyo kwanza kazikwa.

Si alikusimulia? Jioni wenzake wakiondoka, Mama Fundi anasema, "We mtoto baki, pindo hili limeachia." Kumbe analifumua mwenyewe, ili msichana asiwahi kurudi kwenye chumba kitupu. Siku moja msichana alimchungulia akifumua. Akanyamaza, akashona.

Basi leo macho ya Mama Fundi hayaoni vizuri, mwenzio akajua hatagunduliwa. "Mama, nilikuwa napita tu. Pindo limeachia."

Mama Fundi akalipitisha vidoleni, polepole.

"Limeachia lenyewe?"

"Lenyewe, Mama."

Mtu mzima na meno yake ya bandia, anasema lenyewe.

"We mtoto, uzi ukichakaa huacha nyuzinyuzi. Huu umekatwa na wembe, kwa ndani, kama nilivyokuwa nakata mimi."

Mwenzio akatazama sakafu.

"Sogeza kiti. Na kesho uje na lile la kijani, nalo litakuwa limeachia."